Vaporaiza ya majani makavu: moshi umeondoka, bangi imebaki

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu iko Ujerumani. Siku moja alikuja mama wa makamo, mgonjwa wa neva ambaye misuli ya miguu humkaza usiku, akatoa kifaa chake kwenye mfuko wa nailoni kwa aibu kama mtu aliyeleta choo cha kupimwa. "Siku hizi kinanikohoza," akasema. Huku, tangu Machi 2017, daktari anaweza kumwandikia mgonjwa maua ya bangi kama dawa, na mama huyu alikuwa akiyavuta kwa kifaa hicho miaka kadhaa bila shida. Nilipokifungua nikakuta kichujio chake cha waya kimeziba kwa utomvu wa kahawia, unanata kama lami ya kiko. Nitarudi kwake.

Maswali yafuatayo nimekuwa nikiulizwa na Waswahili wenzangu, wengi wanaoishi Ulaya na Kanada, wachache walioko nyumbani. Nimeyafupisha tu.

Hiki kifaa ni nini hasa? Si ndiyo zile vepu za vijana?

Siyo. Vepu za vijana huchemsha maji maji yenye nikotini na ladha ya embe au ubuyu. Vaporaiza ya majani makavu ina kijungu kidogo, pengine kipana kama kifuniko cha soda, unachotia majani yaliyosagwa. Betri inakipasha moto, kwa kawaida kati ya nyuzi 160 na 210 za Selsiasi, nawe unavuta hewa inayopita humo.

Aliyewahi kukaanga iliki kwenye kikaango kikavu atanielewa haraka. Harufu hutoka mapema, iliki ikiwa bado nzima. Ukizubaa ndipo moshi unapoanza. Bangi nayo iko hivyo: THC, kemikali inayoleta stimu, huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi 157 hivi, wakati majani yenyewe huanza kuungua joto likipita nyuzi 230 hivi. Kifaa kinafanya kazi kwenye nafasi hiyo ya katikati.

Kampuni inayojulikana zaidi kwa vifaa hivi ni Storz & Bickel ya mji wa Tuttlingen, kusini mwa Ujerumani. Ilianza kuuza Volcano, kifaa cha kuweka mezani, mwaka 2000. Baadaye ikaleta Mighty, cha kushika mkononi, ambacho joto lake linaishia nyuzi 210, na kina toleo lililosajiliwa kama kifaa cha tiba.

Shikamoo dada. Kwa hiyo ni kama nyungu?

Marahaba. Nimelipenda swali lako, ila jibu ni hapana. Nyungu ni sufuria, majani ya mkaratusi na mchaichai, blanketi kichwani, na mvuke wa maji usiozidi nyuzi 100. Hatari yake kubwa ni kumwagikiwa na maji ya moto, jambo lililowapata wengi. Kwenye vaporaiza hakuna maji. Unachovuta ni kemikali za mmea, kavukavu, kwenye joto linalokaribia mara mbili ya hilo.

Nakuonya kwa sababu najua swali linaelekea wapi: wapo wanaotia mnanaa au mkaratusi humo kwa kuamini kuwa ni "dawa ya kifua". Jani kufaa kwenye chai hakumaanishi linafaa kwenye pafu. Mwenye pumu anaweza kubanwa hapo hapo. Na ukitia tumbaku, nikotini inakuja na mvuke, na uraibu wake unakuja nayo.

Niliacha misokoto, nimetumia kifaa hiki miaka minne sasa. Kikohozi kimeisha. Mapafu yangu yako salama?

Kikohozi kuisha ni habari njema, na siyo mawazo yako tu. Anayevuta misokoto kila siku hupata mkamba: kukohoa asubuhi, makohozi, kifua kupiga filimbi. Vyote hivyo vinatokana na moshi, yaani masizi, lami na kaboni monoksidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Moshi wa bangi unayo, sawa na moshi wa kuni.

Mwaka 2007, huko San Francisco, daktari Donald Abrams na wenzake waliwachukua watu 18 wazima wa afya, wakawapa bangi ileile kwa njia mbili, msokoto na Volcano, kwa siku tofauti. THC katika damu ilikaribiana. Ila kaboni monoksidi katika pumzi ilipanda kwa msokoto, na kwa kifaa haikupanda kwa kiasi cha kutajika. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine wa Marekani waliwafuatilia watu 20 waliokuwa na shida ya kifua wakahamia kwenye kifaa kwa mwezi mmoja. Kumi na wawili ambao hawakuugua mafua katikati walipata nafuu, na kipimo cha pumzi zao kiliongezeka.

Sasa hesabu mwenyewe. Watu 18. Watu 20. Mwezi mmoja. Hawakuwa na kundi la kulinganisha katika utafiti ule wa pili. Wewe una miaka minne, na utafiti wa kufuatilia watu miaka kumi au ishirini kwa kifaa peke yake haupo wa kutegemewa. Ninachoweza kukuambia bila kusita ni kwamba umepunguza madhara ukilinganisha na msokoto. Ukilinganisha na hewa tupu, hapana.

Halafu jiulize kitu kimoja, jibu libaki kwako: chaji ikiisha usiku unafanyaje? Nimekutana na wengi wanaosema wamehama, kumbe kila Ijumaa wakiwa na washikaji wanasokota kama zamani. Kifua hakijui kwamba uliahidi.

Wale vijana wa Marekani waliokufa kwa vepu mwaka 2019, ilikuwa kifaa kama changu?

Hapana. Hadi Februari 18, 2020 mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, aina ya mafuta iliyotumiwa kuzimulia mafuta ya THC kwenye vichupa vya magendo. Majani makavu hayana mafuta hayo. Usimwogope nyoka wa jirani ukamsahau aliye uvunguni mwako.

Niliugua TB zamani, nikapona. Naweza kukitumia?

Kwako nina wasiwasi kuliko kwa wengine wote, na sababu yangu ya kwanza ni ukungu. Majani yaliyokaushwa vibaya hubeba fangasi aitwaye Aspagilasi. TB ikipona inaweza kuacha matundu ndani ya pafu, na fangasi huyu hupenda kufanya makazi humo, akatengeneza donge linalomfanya mtu akohoe damu miaka mingi baada ya kumaliza dozi. Mgonjwa anarudi kliniki akidhani TB imerudi. Usitegemee joto la kifaa limuue: majani hukaa humo dakika chache tu, na halifiki kila sehemu sawasawa.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kinga iliyoshuka, iwe kwa VVU visivyodhibitiwa, dawa za saratani au kupandikizwa figo. Bangi ya duka la dawa hupimwa ukungu na viuatilifu. Ile ya kete iliyofungwa kwenye gazeti hakuna aliyeipima. Mweleze daktari wako kila kitu, hata kama unaona haya.

Zamani pumzi tatu zilinitosha. Siku hizi najaza kijungu mara nne na bado nahisi kama sijapata kitu. Kifaa kimechakaa?

Huenda. Lakini kabla hujatafuta kingine, niamini: mara nyingi kilichobadilika ni mwenye kifaa.

Watu wakisikia "hakina moshi" husikia "hakina nguvu". Ni kinyume. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwapa watu 17, ambao hawakuwa watumiaji wa mara kwa mara, kipimo sawa cha THC kwa kuvuta moshi na kwa kuvuta mvuke. Mvuke ulipandisha THC kwenye damu zaidi na kuwavuruga zaidi. Msokoto unaunguza sehemu ya dawa na kuitupa hewani hata usipovuta. Kifaa hakipotezi sana.

Kisha hakuna cha kukusimamisha. Msokoto una harufu inayojaza ngazi nzima ya ghorofa, unakuna koo, inabidi utoke nje kwenye baridi. Kifaa kinakaa mfukoni, harufu yake ni kidogo kama ya bisi zilizozidi moto, unavuta jikoni huku wali unaiva. Kwa hiyo mara moja kwa jioni inakuwa mara tatu, na asubuhi pia. Mwili ukizoea, kipimo cha jana hakifanyi kitu.

CDC inakadiria kuwa watu 3 kati ya 10 wanaotumia bangi wana tatizo la matumizi kwa kiwango fulani. Dalili yake rahisi ni hii: kaa siku tatu bila kuvuta. Arosto ya bangi haifanani na ile ya heroini, haikugaragazi chini, ndiyo maana watu hukana kuwa ipo. Inakuja kwa hasira zisizo na sababu, usingizi kukatika, ndoto nzito, chakula kutopita. Hudumu wiki moja hadi mbili kwa wengi, kisha hutulia.

Kuna jingine linalowapata watumiaji wa miaka mingi, nalo hupotezwa sana hospitalini: kutapika kwa vipindi, tumbo likinyonga, na mgonjwa hupata nafuu akioga maji ya moto sana. Anaoga mara tano, mara sita kwa siku. Lilielezwa kwa mara ya kwanza Australia mwaka 2004. Watu hupimwa malaria, vidonda vya tumbo, hata kupelekwa kwa waganga. Linaisha mtu anapoacha bangi, na kubadilisha msokoto kwa kifaa hakulisaidii hata kidogo, maana tatizo si moshi. Vivyo hivyo kwa mwenye historia ya kusikia sauti au kuona visivyokuwepo, yeye au ndugu zake wa damu: asivute kwa njia yoyote. Na mjamzito pia, THC humfikia mtoto.

Mabaki ya kahawia yanayobaki kwenye kijungu nafanyaje?

Usiyaache kwenye kisahani. Hayajaungua, bado yana THC ndani, na mtoto wa miaka miwili anayaona kama majani ya chai. Akila anaweza kusinzia hadi pumzi zikawa za shida, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali, ukisema ukweli amekula nini.

Nikija nyumbani likizo, cheti cha daktari wa huku si kinatosha?

Hakitoshi. Tanzania kuna Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, Kenya kuna sheria ya 1994, na karatasi ya daktari wa Berlin haivunji mojawapo. Ukibadilisha ndege Dubai au Muscat, ni sheria za huko. Hata kifaa kitupu kina utomvu. Kiache. Ongea na daktari kabla ya safari akupangie dawa nyingine. Na usisahau kuwa kwa anayevuta kila siku, kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha bangi mwezi mzima baada ya kuacha, jambo ambalo madereva na mabaharia hulijua kwa uchungu.

Kinahitaji matunzo gani, na betri inaweza kulipuka?

Betri ni ya lithiamu, kama ya simu. Iliyovimba, inayochemka ikiwa haitumiki, au iliyoanguka ikabonyea, haifai tena. Tumia chaja yake. Kwenye ndege vifaa hivi havikubaliwi kwenye mizigo ya chini.

Usafi ndio unaonirudisha kwa yule mama. Utomvu ukijaa kwenye kichujio, hewa hupita kwa shida, nawe unavuta kwa nguvu hadi chembe za majani zinaingia kooni. Utomvu wenyewe hupashwa moto upya kila siku. Tulitoa vipande, tukaviloweka kwenye spiriti ya duka la dawa, tukasuuza, tukaviacha vikauke kabisa kabla ya kuviwasha. Maji ya glasi yalitoka rangi ya chai ya rangi.

Nikamuuliza anakiweka nyuzi ngapi. Alikuwa ameanza na 180 alivyoelekezwa na daktari. Sasa 210, ya mwisho, kila mara. Kwenye joto hilo mvuke ni mzito, unakwangua koo, na baadhi ya vitu vibaya vya moshi, kama benzini, huweza kuanza kujitokeza joto likipita 200.

"Nani alikwambia upandishe?"

"Hakuna. Miguu ilianza kunikaza tena."

Alirudi kwenye 185, kikohozi kikalegea ndani ya wiki mbili. Miguu ikaendelea kukaza, kwa sababu dawa ilikuwa imezoeleka mwilini na yeye alikuwa akilifidia hilo kwa kitufe cha joto. Tukampangia miadi na daktari wake wa neva, akaenda na daftari aliloandika kila siku alivuta mara ngapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuhesabu.