Wasifu wa biashara kwenye Google: maana yake, na unamfaa nani Kigoma

Wasifu wa biashara kwenye Google, kwa jina lake rasmi Google Business Profile, ni kadi ya taarifa inayojitokeza mtu anapoitafuta biashara kwa jina, au anapotafuta huduma fulani iliyo karibu naye. Ndani yake mna jina la biashara, aina yake, mahali ilipo kwenye ramani, saa za kufungua na kufunga, namba ya simu, picha, na maoni ya wateja yenye nyota. Ukigusa alama ya duka kwenye Google Maps, kadi hiyohiyo ndiyo inayofunguka. Kuifungua ni bure, na kuendelea kuwa nayo ni bure. Anayekupigia simu akidai anatoka Google na anataka ada ya kukuweka kwenye ramani ni tapeli, mkatie.

Huduma hii ilianza mwaka 2014 kwa jina la Google My Business, ikabadilishwa jina mwishoni mwa 2021. Inafaa kulijua hilo kwa sababu mafunzo mengi yaliyoko YouTube bado yanaelekeza kwenye programu ya zamani ya simu, ambayo iliondolewa mwaka 2022. Siku hizi wasifu unasimamiwa ndani ya Google Maps yenyewe, au kwa kuandika jina la biashara yako kwenye Google ukiwa umeingia kwa akaunti inayoumiliki. Hata ile tovuti ndogo ya bure iliyokuwa ikitengenezwa humo ilifungwa Machi 2024. Video inayokufundisha kuitengeneza imepitwa na wakati.

Wengi huuchanganya wasifu na tangazo. Tangazo humfuata mtu ambaye hakuuliza kitu. Wasifu humjibu aliyekwisha kuuliza: duka liko wapi, liko wazi saa hii, nimpigie nani. Majibu hayo matatu yakiwa sahihi, kazi imefanyika kwa sehemu kubwa hata kama huna picha nzuri. Yakiwa na kosa, picha hazitakuokoa, maana mteja atakuwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa, au kwenye mtaa usio wako.

Nani anafaa, nani hafai

Kanuni ya Google ni kwamba biashara iwe inakutana na wateja ana kwa ana katika saa ilizozitaja. Fremu ya spea za pikipiki Mwanga inafaa. Gesti ya Gungu, duka la dawa Ujiji, saluni, karakana, muuza nyavu na injini za boti Kibirizi, wote wanafaa. Fundi wa majokofu asiye na ofisi naye anafaa, ila yeye huficha anwani ya nyumbani na badala yake hutaja maeneo anayohudumia. Maeneo hayo yasizidi 20, na Google inashauri eneo zima lisivuke mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka anapoanzia. Kwa hiyo fundi wa Kigoma mjini anaweza kuandika Ujiji, Uvinza na Kasulu. Kibondo aiache.

Asiyefaa ni yule anayeuza dagaa au mawese kwa oda peke yake, anafunga mzigo, anaupakia kwenye basi au treni, na hana mahali mteja anapoingia. Biashara ya mtandaoni tupu hairuhusiwi kuwa na wasifu huu, na akilazimisha kwa kuweka pini, yaani alama ya mahali kwenye ramani, nyumbani kwake, Google inaweza kuusimamisha siku yoyote. Huyo chombo chake ni WhatsApp Business yenye katalogi: inabeba bidhaa hadi 500, kila moja na picha, bei na maelezo, na mteja wa Dar es Salaam hutumiwa kiungo kimoja tu.

Na genge la nyanya la mtaani, ambalo wateja wake wote ni majirani? Sioni sababu ya kulichomea bando. Wasifu humfaa anayetafutwa na wageni. Kigoma ina wageni wa kutosha: abiria wanaoshuka stesheni, wafanyabiashara wanaovuka ziwa kutoka Kongo na Burundi, watalii wanaokwenda Gombe na Mahale, watumishi waliohamishiwa mkoani wiki iliyopita. Hao hawana wa kumuuliza njia, kwa hiyo wanafungua ramani.

Tafuta kwanza, fungua baadaye

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kuanza. Biashara nyingi zimekwisha kuwekwa kwenye ramani na wapita njia, mara nyingi kwa jina lililokosewa. Mwenye duka asiyejua hilo hufungua wasifu mpya, na sasa duka moja lina alama mbili: moja ina maoni ya wateja ila namba ya simu ni ya zamani, nyingine ina namba sahihi ila haina hata nyota moja. Mteja ataona ipi? Hakuna anayejua. Basi kabla ya lolote, andika jina la duka lako kwenye Google Maps, kisha ukuze ramani mpaka uone mtaa wako na uangalie kama kuna alama juu ya paa lako.

Ukiikuta, iguse, ushuke chini hadi palipo na nafasi ya kuidai kuwa ni yako. Kama kuna mtu mwingine anayeisimamia, Google humtumia ombi lako naye ana siku 3 za kujibu. Akikaa kimya, unaweza kupewa nafasi ya kuidai mwenyewe kwa kuthibitisha. Usipoikuta, hapo ndipo unapoongeza biashara mpya.

Pini ndiyo sehemu inayohitaji subira. Kosa kubwa ni kukubali mahali simu inapokuonyesha ukiwa umekaa ndani, chini ya bati, ambako alama inaweza kuhama hadi nyumba ya tatu. Toka nje, washa picha ya satelaiti, tafuta paa lako, kisha usogeze pini kwa kidole hadi upande wa mlango. Katika mji wenye miinuko kama Kigoma hili si jambo dogo. Ukiweka pini katikati ya jengo ambalo mgongo wake uko karibu na barabara ya chini, ramani inaweza kumpeleka dereva huko nyuma, naye atakuta ukuta na mteremko.

Ukishaiweka, Google Maps itakuonyesha pia msimbo mfupi wenye alama ya kujumlisha katikati na jina la mji mwishoni. Huo huitwa Plus Code. Ni anwani inayotokana na vipimo vya dunia: msimbo kamili una herufi na tarakimu 10 na hutaja mraba wenye upande wa mita 14 hivi, takriban ukubwa wa nyumba moja. Unatumia alama 20 tu, zisizo na irabu hata moja, ili usije ukaunda neno kwa bahati mbaya. Unakili, umtumie bodaboda kwa ujumbe. Akiubandika kwenye ramani atafika. Namba ya nyumba ya anwani za makazi nayo ijaze kama umebandikiwa mlangoni.

Kisha saa, na hapa Waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Google huhesabu saa kwa mtindo wa kizungu. Saa 2 asubuhi ijazwe 8:00 ya asubuhi, na saa 1 jioni ijazwe 19:00. Anayeandika 2:00 kwa mazoea, duka lake litaonekana linafunguliwa saa 8 usiku, na anayelitafuta ataambiwa liko wazi au limefungwa kwa saa zisizo za kweli. Burundi na mashariki mwa Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, lakini wewe jaza saa za Kigoma tu. Siku moja inaweza kugawanywa mara mbili, jambo zuri kwa maduka ya Ujiji yanayofunga kwa sala ya Ijumaa: 8:00 hadi 12:00, kisha 14:00 hadi 19:00. Sikukuu zina sehemu yake ya pembeni. Idd na Krismasi zijaze huko bila kugusa ratiba ya kawaida.

Jina liwe lile lililo kwenye kibao chako. Usiongeze maneno ya kuvutia. Duka linaloitwa Amani Spea likiandikwa "Amani Spea za Pikipiki Bei Poa Kigoma Mjini" linavunja kanuni, na mshindani mmoja akiliripoti linaweza kusimamishwa. Maneno hayo yana mahali pake, yaani sehemu ya aina ya biashara. Unachagua aina moja kuu na unaweza kuongeza nyingine hadi 9 kutoka kwenye orodha ya Google yenyewe. Aina kuu ina uzito kuliko maelezo marefu, tena Google huionyesha kwa lugha ya anayetafuta: mgeni wa Bujumbura ambaye simu yake iko kwa Kifaransa ataisoma kwa Kifaransa bila wewe kuandika neno. Chagua aina finyu. Kama unauza spea za pikipiki, tafuta spea za pikipiki, usiridhike na "duka".

Maelezo yana nafasi ya herufi 750. Andika Kiswahili cha kawaida, unauza nini na kwa nani, bila bei za ofa na bila viungo vya tovuti, kwa kuwa haviruhusiwi hapo. Namba ya simu ianze na +255, la sivyo mteja aliye ng'ambo ya ziwa anaweza kubonyeza na simu isiite.

Kuthibitishwa

Wasifu ambao haujathibitishwa hauonekani na watu kama unavyotaka, na wewe huwezi kuutawala kikamilifu. Njia ya kuthibitisha huchaguliwa na Google, si wewe. Inaweza kuwa simu, ujumbe au barua pepe, ila kwa wengi sasa ni video. Video hiyo hurekodiwa kwa simu ndani ya hatua zenyewe, mfululizo, bila kukatwa, kwa sekunde zisizopungua 30. Inatakiwa ithibitishe mambo matatu: mahali, biashara, na kwamba wewe ndiye mwenyewe.

Anza barabarani. Onyesha kibao cha mtaa, jengo la jirani linalojulikana, namba ya nyumba. Geukia kibao chako hadi jina lisomeke. Kisha fungua mlango kwa ufunguo wako mbele ya kamera, ingia, onyesha rafu, mashine, stoo, na sehemu ya kaunta ambayo mteja hafiki. Leseni ya biashara ukutani inasaidia. Usirekodi nyuso za watu, wala namba za akaunti ya benki. Ukaguzi huchukua hadi siku 5 za kazi.

Zinazokataliwa hukataliwa kwa sababu zilezile. Video imechukuliwa usiku na kibao hakisomeki. Kibao bado ni cha mpangaji aliyetangulia. Au, na hili ni la kwetu kabisa, ukuta wote umepakwa rangi na nembo ya kampuni ya simu huku jina la duka likiwa dogo pembeni kama sahihi. Kabla ya kurekodi, mwite mwandika vibao akuandikie jina linaloonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Mtandao nao uwe mzuri, kwa sababu video hupakiwa palepale, na ikikatika njiani unarudia tangu mwanzo.

Akaunti iwe ya mwenye duka

Wasifu huweza kupotea kwa sababu hii. Mwenye duka hana barua pepe, anamwomba kijana wa steshenari amfungulie, kijana anatumia akaunti yake mwenyewe ili kazi iishe. Miezi ikipita, kijana anahamia Kahama, namba ya duka inabadilika, na hakuna anayeweza kuingia kuirekebisha. Fungua akaunti ya Google ya biashara yenyewe, kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na uandike nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani. Kijana aongezwe kama msimamizi. Msimamizi anaweza kubadili saa, kupakia picha na kujibu maoni, lakini hawezi kuufuta wasifu wala kukutoa wewe. Ukimkabidhi mtu umiliki, kwa siku 7 za mwanzo hataweza kuwaondoa wenzake, na hicho ndicho kipindi chako cha kurekebisha kama umekosea mtu.

Baada ya hapo kazi ni ndogo lakini haikomi. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye kadi yako, na usipofuatilia, Google inaweza kuyapitisha; kwa hiyo fungua wasifu walau mara moja kwa wiki uone kama saa na namba bado ni zako. Maoni mabaya huwezi kuyafuta, unaweza kuyajibu kwa adabu au kuyaripoti kama ni matusi au hayahusiani na duka. Kuwapa wateja soda au punguzo ili waandike nyota tano ni kosa kwa kanuni za Google, ingawa kuwaomba tu waandike si kosa.

Ukihama fremu, sogeza pini na ubadilishe anwani ndani ya wasifu uleule. Ukifungua mpya, maoni ya miaka yote yatabaki kwenye mlango wa zamani, pamoja na wateja wanaoyafuata.