Waranti ni ya duka, mifuko yako je?

Mteja wangu mmoja wa hapa Mombasa aliingia duka la vifaa vya umeme kununua chaja. Kabla hajalipa, askari wanne wakaingia na waranti ya kusaka televisheni za wizi, wakafunga mlango na kuamuru kila mtu atoe alicho nacho. Akaweka kaunta funguo, kitambulisho na noti ya 200, kisha akapapaswa hadi vifundoni. "Lakini wakili," akaniuliza, "si walikuwa na waranti?"

Walikuwa nayo, tena halali. Ila waranti inayotolewa na mahakama chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, ni ya mahali: nyumba, chombo, gari, sanduku. Mtu anayekutwa humo ana kipengele chake, 120(3). Kinasema aliye ndani au karibu na mahali hapo anaweza kusachiwa akishukiwa, kwa sababu za maana, kwamba ameficha mwilini kitu kinachotafutwa.

Soma polepole hapo. Kitu *kinachotafutwa*. Televisheni ya inchi 43 haifichiki ndani ya jinzi. Zingekuwa laini za simu au kete za unga, ningenyamaza kidogo, ingawa hata hapo ningeuliza: huyu alifanya nini? Alipowaona alisukumia kitu soksini? Alikimbilia choo? Kusimama kaunta na chaja mkononi si sababu ya maana, na huo ndio msimamo ninaoutetea kortini. (Neno "karibu" nalo lina mkono mrefu: linaweza kumfikia hata mwendesha boda aliyeegesha mlangoni.)

Barabarani kuna kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo, na hapo waranti haihitajiki. Askari akiwa na sababu ya kushuku kwamba gari limebeba mali ya wizi, anaweza kulisimamisha na kulipekua. Kushukiwa kwa mtu kumeandikwa kando, katika kipengele chake. Kwa hiyo habari kwamba buti la matatu lina nyaya za shaba zilizoibwa inamfungulia askari buti. Mkoba wa abiria wa kiti cha nyuma ni hoja nyingine kabisa. Na abiria huyo akiwa mwanamke, kifungu cha 27 kinataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Kama hayupo, asubiriwe.

Wengi hudhani upekuzi ukikiuka sheria, kesi inakufa papo hapo. Hapana, na Kenya ndiyo iliyoifundisha dunia somo hilo. Wakati wa Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni, Kuruma mwana wa Kaniu alisimamishwa kwenye kizuizi akiwa juu ya baiskeli. Polisi walisema walimkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Kanuni za wakati huo zilimpa askari wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi ruhusa ya kupekua. Waliompekua walikuwa chini ya hapo. Kisu chenyewe hakikuletwa kortini. Akahukumiwa kifo, na Baraza la Faragha kule London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, likakubaliana na hukumu hiyo: ushahidi ukihusiana na kesi unapokelewa, hata kama umepatikana kinyume cha sheria. Uamuzi huo, unaojulikana kwa mwaka wa 1955, bado unasomeshwa katika vyuo vya sheria vya Jumuiya ya Madola. Mimi binafsi sijawahi kuusoma bila kukasirika.

Katiba ya 2010 ililegeza kitanzi hicho. Kifungu cha 31 kinalinda mwili, nyumba na mali dhidi ya upekuzi, na 50(4) kinataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utupwe nje, *iwapo* kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji haki. Hiyo "iwapo" ndiyo inayotulisha sisi mawakili.

Kwa hiyo usipigane na askari. Sema kwa sauti, mbele za watu, kwamba hukubali kupekuliwa lakini huzuii kwa nguvu. Uliza kwa adabu wanatafuta nini hasa. Omba kuona cheti cha uteuzi, yaani kitambulisho cha kazi cha askari, andika namba ya afisa, na kitu kikichukuliwa taka kiorodheshwe hapo hapo.

Mteja wangu hakuandika namba yoyote. Anachokumbuka ni kwamba aliyempapasa alivaa saa yenye mkanda wa kijani.