Muhtasari wa kuruhusiwa: mwandikie atakayempokea mgonjwa

Mgonjwa anaporuhusiwa, madaktari na wauguzi wanaomfahamu hubaki wodini, naye huenda kwa mhudumu ambaye pengine hajawahi kumwona. Kinachowaunganisha ni muhtasari wa kuruhusiwa. Katika mihtasari ninayoikagua kazini, kasoro inayojirudia kuliko zote ni hii: mwandishi anasimulia yaliyopita siku baada ya siku, ilhali msomaji anatafuta la kufanya kuanzia leo.

Kwa hiyo napendekeza mpangilio ugeuzwe. Baada ya jina, tarehe za kulazwa na kuruhusiwa, ugonjwa mkuu na mzio wa dawa, kifuate kisehemu cha mambo ya kufanya, kabla ya historia yoyote. Kila jambo liseme nini kifanyike, nani akifanye, lini, na majibu yakiwa mabaya hatua gani ichukuliwe. Sentensi kama "arudie vipimo vya figo" haina mwenyewe. Kila mmoja atadhani mwenzake ameshughulikia. Kwa mgonjwa wa moyo aliyeanzishiwa spironolaktoni, dawa inayoweza kupandisha potasiamu na kudhuru figo (ambazo kazi yake hupimwa kwa kreatinini ya damu), andika hivi: "Kliniki ipime potasiamu na kreatinini baada ya wiki 1 na tena baada ya wiki 4. Potasiamu ikizidi milimoli 5.5 kwa lita, dozi ipunguzwe nusu, ikizidi 6.0, dawa isimamishwe mara moja na mgonjwa aletwe hospitali." Ni mistari miwili tu, na daktari asiyemjua kabisa mgonjwa huyo anaweza kuifuata.

Kwenye dawa ndiko wagonjwa wengi wanakoumia. Shirika la Afya Duniani lilipozindua kampeni yake ya Dawa Bila Madhara mwaka 2017, liliweka kipindi cha mgonjwa kuhama kutoka huduma moja kwenda nyingine miongoni mwa maeneo matatu ya kipaumbele. Orodha ya dawa za kwenda nazo nyumbani haitoshi. Zigawe katika mafungu manne: zilizoanzishwa, zilizobadilishwa dozi, zinazoendelea kama zamani, na zilizosimamishwa.

Fungu la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo la hatari kubwa, maana nyumbani kuna kopo la dawa hiyo bado limejaa. Tuseme enalaprili, dawa ya presha, ilisimamishwa wodini kwa sababu kreatinini ilipanda. Muhtasari usipoitaja, daktari wa kliniki hawezi kujua kama iliachwa makusudi au ilisahauliwa. Ataona presha imepanda, ataangalia kadi ya zamani, atairudisha. Andika: "Enalaprili imesimamishwa kwa sababu figo zilidhurika; isirudishwe mpaka kreatinini ipimwe tena," kisha weka tarehe ya kipimo hicho. Sababu ndiyo inayomwezesha msomaji kufanya uamuzi wake hali ikibadilika.

Yapo mengine madogo kwa macho lakini yanaua. Tumia jina halisi la dawa, kwani jina la biashara humfanya mgonjwa ameze dawa ileile mara mbili kutoka kwenye paketi mbili tofauti. Insulini iandikwe "uniti" kwa kirefu. Herufi U iliyoandikwa kwa haraka husomeka kama sifuri, na 10 ikawa 100. Usiandike 1.0 pale 1 inapotosha, kwa sababu nukta ikififia inabaki 10. Methotreksati ya baridi yabisi hunywewa mara moja kwa wiki: taja siku yenyewe, kwa mfano Jumatatu, kwa kuwa ikinywewa kila siku huharibu uboho na kuua. Antibiotiki iwe na tarehe ya mwisho, na predinisoloni iwe na ratiba ya kupunguza dozi yenye tarehe.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inastahili aya yake. Taja sababu ya kuitumia, itatumika kwa muda gani, INR inayolengwa (kipimo cha muda wa damu kuganda; ikipanda mno, mgonjwa huweza kuvuja damu), INR ya mwisho na tarehe yake, dozi alizopewa siku za karibuni, siku ya kupima tena na mahali pa kupimia. Mgonjwa akiruhusiwa na antibiotiki kama kotrimoksazoli au metronidazoli juu yake, INR hupanda, hivyo kipimo kinachofuata kisingoje miadi ya mwezi ujao. Kiwe ndani ya siku 3 hadi 5.

Kuna na majibu ambayo hayajatoka siku mgonjwa anaondoka. Kipande cha nyama kilichopelekwa maabara kuchunguzwa saratani, damu iliyooteshwa maabara kutafuta vijidudu, makohozi ya kifua kikuu ambayo kuyaotesha huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Andika kipimo, tarehe sampuli ilipochukuliwa, na jina la atakayefuatilia. Msimamo wangu hapa ni thabiti: aliyeagiza kipimo ndiye anayewajibika kwa majibu yake mpaka mwingine akubali kuyapokea, na kuandika tu "majibu yafuatiliwe" hakumwondolei jukumu hilo. Vivyo hivyo na jambo lililoonekana bila kutafutwa, kama kivimbe cha pafu kwenye picha iliyopigwa kwa ajili ya ajali. Likizikwa ndani ya ripoti ya picha, hakuna atakayelisoma tena.

Hali ya mgonjwa wakati wa kuondoka iandikwe kwa namba. "Amepata nafuu" haimsaidii mtu. Kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi, uzito wa siku ya kuruhusiwa ndio kipimo cha kulinganishia: akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanarudi mwilini. Uzito huo usipoandikwa, onyo hilo halina pa kuanzia.

Mwenendo wa ugonjwa wodini unatosha aya moja au mbili. Jihadhari na kunakili kutoka kwenye maelezo ya kila siku. Ndiko hutoka "mgonjwa yuko kwenye oksijeni" kwa mtu aliyetoka wodini akitembea mwenyewe.

Mgonjwa apewe ukurasa wake, kwa lugha ya nyumbani, wenye dawa, miadi na dalili za kumrudisha haraka. Usimuulize "umeelewa?" kwa sababu atajibu ndiyo. Mwambie, "Nieleze utakavyomwambia mwenzako nyumbani jinsi unavyotumia dawa hii." Akikosea, maelezo yako ndiyo yarudiwe.

Uandishi uanze siku ya kulazwa, kwa kuorodhesha dawa alizokuja nazo, na ukamilike kabla hajatoka. Ukiachwa wiki nzima, mara nyingi humwangukia daktari wa zamu ambaye hakumhudumia.

Kwa ukaguzi, chukua mihtasari 10 kila mwezi, mpe mwenzako wa wodi nyingine bila faili, na umwombe aseme: dawa gani imesimamishwa na kwa nini, majibu gani yanasubiriwa, nani afanye nini na lini. Asipoweza kujibu, muhtasari urudi kwa aliyeuandika siku hiyohiyo. Fomu yenye visanduku husaidia, ila visanduku huzoeleka, na "hakuna" huwekwa kwenye majibu yanayosubiriwa bila mtu kuangalia. Kwa hiyo linganisha jibu hilo na rejista ya maabara, sampuli kwa sampuli.