Usikubali fundi akutolee themostati, hata kama gari ni ya zamani

Kuna maneno nayasikia kila mara gari ya zamani ikiingia gereji inachemsha: "Fundi we toa tu hiyo themostati, huku kwetu joto, haina kazi." Wakati mwingine anayesema ni mwenye gari, wakati mwingine ni fundi mwenzangu kabisa, tena fundi mzuri, mtu anayejua kazi. Leo nataka nilielezee hili kwa kirefu kwa sababu naona watu wa Arusha na Moshi wanaua injini nzima kwa kukwepa kununua kaspea kadogo.

Gari ninazozishika sana ni za Toyota: Corolla 110, Carina Ti, Noah za zamani, RAV4 zile za kwanza, GX100. Nikifungua nyumba ya themostati nyingi nakuta patupu, au nakuta imebaki ringi ya nje tu, katikati pamekatwa. Mwenye gari hata hajui, kainunua hivyohivyo.

Themostati yenyewe ni kitu rahisi sana. Ina kikopo kidogo cha shaba na ndani yake kuna nta, maji ya injini yakipata moto nta inayeyuka inatanuka inasukuma kipini, mlango unafunguka na maji yanaruhusiwa kuzunguka kwenye rejeta, yakipoa springi inarudisha mlango. Za Toyota nyingi za zamani zimeandikwa 82, maana yake inaanza kufunguka kwenye digrii 80 mpaka 84 hivi na inafunguka kabisa ikifika 95. Hakuna waya wala sensa humo ndani.

Sasa kinachosahaulika ni kwamba injini nyingi za Toyota hizi, mfano 5A ya Corolla na Carina, themostati imekaa upande wa maji yanayoingia, yaani kwenye mpira wa chini wa rejeta, na ina sahani mbili. Sahani ya juu inafungua na kufunga njia ya rejeta. Ile ndogo ya chini inaziba njia ya mkato, baipasi, ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini wakati bado ya baridi. Injini ikipata moto milango inabadilishana, rejeta inafunguliwa na baipasi inazibwa. Ukiitoa themostati unabaki na njia zote mbili wazi muda wote, na maji yanapenda njia fupi isiyo na upinzani, kwahiyo sehemu ya maji ya moto inarudi injini bila kuiona rejeta. Ndo maana unakuta mtu katoa themostati ili gari isichemshe, mjini anatembea vizuri tu, halafu siku anapeleka wageni Karatu anapita Mto wa Mbu anaanza kupanda ule mlima wa Manyara na mshale unapanda naye. Anasema rejeta imeziba, anabadilisha rejeta, bado. Anabadilisha wotapampu, bado.

Upande wa pili ni baridi, na hapa wa Arusha wanielewe vizuri. Mwezi wa 6 na wa 7 unaamka asubuhi Sakina au Njiro kuna ukungu na manyunyu, injini isiyo na themostati inatembea mpaka Tengeru haijafika joto lake. Kompyuta ya gari inasoma sensa inaona injini ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta mengi kama vile ndo umewasha sasa hivi. Kama gari ni otomatiki, nyingi kompyuta inazuia ovadraivu, yaani ile gia ya juu kabisa, mpaka maji yapate moto, kwahiyo unatembea raundi zikiwa juu. Oili nayo haipati moto wa kukausha unyevu, ukifungua mfuniko wa oili unakuta uji mweupe, watu wanaogopa wanadhani gasketi ya silinda hedi imeungua. Inaweza kuwa gasketi kweli, lakini ukikuta uji uko kwenye mfuniko tu na maji hayapungui, angalia kwanza kama themostati ipo. Kuna mama mmoja wa huko Usa River alikuja analalamika Carina yake inakula mafuta, kashabadilishiwa plagi na sensa ya oksijeni, hela imekwenda, na kumbe mshale wa joto kwa wiki nzima haujawahi kufika katikati. Nikamwambia mama yangu, jibu ulikuwa nalo kwenye dashibodi siku zote. Tulifunga themostati, mafuta yakarudi kawaida.

Sisemi waliozitoa zamani walikuwa wajinga. Ukitia maji ya bomba au ya mfereji miaka nenda rudi bila kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, kutu inajaa, themostati inakwama ikiwa imefunga, na gari inachemsha kweli. Ukiitoa inapona palepale. Na kama umekwama Makuyuni usiku na imekwama imefunga, itoe, endesha taratibu ukiangalia mshale, ufike mjini. Ila ukifika mjini nunua nyingine.

Kujua kama imekwama imefunga: injini ikishapata moto shika mpira wa juu wa rejeta na mpira wa chini kwa tahadhari, mkono mbali na feni. Mshale unapanda, wa juu unaunguza na wa chini bado wa baridi, hapo kuna uwezekano mkubwa ni themostati. Yote ya moto na bado inachemsha, tafuta kwingine: feni, rejeta kuziba, mfuniko wa rejeta, au gasketi.

Kabla ya kufunga mpya ipime. Sufuria, maji, ifunge uzi uining'inize isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Na hapa kuna jambo la huku kwetu. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayafiki 100. Kila mita 300 unazopanda unapoteza karibu digrii moja. Kwahiyo themostati ya 82 utaiona inafunguka vizuri, ila ukipima ya 88 sufuriani unaweza kuona imefunguka nusu tu ukasema mbovu, kumbe nzima, maji yako ndo yamegoma kupanda. Moshi mjini mko chini zaidi, mita 800 na kitu, mtapata 97 hivi.

Hesabu hiyohiyo ndo inafanya mfuniko wa rejeta uwe muhimu sana huku. Ule ulioandikwa 0.9 unabana presha ili maji yasichemke mapema, kwa Arusha unayatoa 95 unayapeleka mpaka 115 hivi. Mpira wake ukichakaa presha inatoka na umebaki na 95 yako, na ukipanda kuelekea geti la Marangu, ambako unakaribia mita 1,900, unabaki na chini ya 94. Wakati themostati yenyewe inafunguka kabisa kwenye 95! Ndo maana nikibadilisha themostati kwenye gari ya zamani nabadilisha na mfuniko, sikubali kufunga kimoja.

Kazi yenyewe sasa. Injini iwe imepoa kabisa, yaani unaweza kukumbatia rejeta. Usifungue mfuniko wa moto, watu wameungua uso kwa hili. Fungua kizibo cha chini ya rejeta, maji yaingie kwenye beseni, na kama ni kulanti usiiache wazi wala usimwage uani, ina ladha tamu na ni sumu, mbwa anakunywa na mtoto pia anaweza kuonja. Fuata mpira wa chini wa rejeta mpaka unapoishia kwenye injini, hapo ndo nyumba yake. Klipu irudishe nyuma kwa plaizi, mpira uzungushe kwanza uachie ndo uvute, usiuchokonoe kwa bisibisi maana bomba la aluminiamu la gari la miaka hiyo linapasuka. Nati ni mbili, spana namba 10. Zikiwa na kutu mwagia oili ya kulainisha kutu uzisubiri, kanywe chai, maana stadi, ile bolti iliyoshika nati, ikikatikia kwenye aluminiamu kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Ikitoka angalia ilivyokaa. Springi na kikopo cha nta vinaingia upande wa injini. Pembeni ya sahani kuna kitundu chenye kipini kinachochezacheza, hicho kinakaa juu, ndo njia ya hewa kutoka wakati unajaza maji, ukikigeuza chini hewa inanaswa na gari itachemsha siku ya kwanza halafu utalaumu spea. Oringi ya mpira inavaa ukingo wa themostati, tia mpya, safisha pale inapokaa kwa kitambaa na kikwaruzo kisicho kikali, na tafadhali usipake silikoni. Silikoni ikizidi inamegeka inaenda kuziba vijia vya rejeta. Nati zikaze kwa mkono mwepesi, ni kama Nm 9 tu kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza, haihitaji nguvu za tairi.

Kujaza: changanya kulanti nusu na maji yaliyokenekwa (distilled, yale ya betri) nusu, isipokuwa kopo limeandikwa tayari limechanganywa. Ukienda dukani kuomba maji ya betri hakikisha ni maji kweli, hawajakupa asidi. Rangi isikudanganye, maji yenye rangi nyekundu yanauzwa pia, soma kopo kama lina ethilini glikoli. Elekeza pua ya gari kwenye kimwinuko, weka hita kwenye moto kama mipira yake haijakatwa, mimina taratibu, washa injini mfuniko ukiwa wazi, minyaminya mpira wa juu mpaka mapovu yaishe na mpira wa chini upate moto, hapo ujue imefunguka. Ongeza, funga, jaza rizevu, lile kopo la akiba la maji, mpaka alama. Corolla hizi zinachukua karibu lita 6, kwahiyo kama umemwaga yote na zimeingia 4 tu, bado kuna hewa humo ndani.

Kesho yake asubuhi injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko uangalie tena, mara nyingi itakuwa imeshuka kidogo, ongeza. Na kama kuna mtu alikufungia feni dairekti izunguke muda wote kwa sababu gari ilikuwa inachemsha, sasa mwambie airudishe kwenye swichi yake, ile feni isiyopumzika inaua mota yake mapema na kwenye baridi inazidi kupoza injini bure.