Jamani, pesa ya wazee si pesa ya wazungu

Juzi nilikuwa kwa ajenti hapa mjini Malindi, nimesimama nangoja zamu yangu, bi mkubwa mmoja wa rika la mamangu akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, wewe si wafanya kazi na watu wa pesa za wazee? Hebu niambie, yule Trump akipoa, pesa itarudi?" Nikacheka, halafu nikaona haya, maana mwenyewe hakuwa anacheka. Pesa yake imechelewa, na huko mtaani ashapewa sababu, Marekani wamefunga mkoba, kwa hivyo wazee wa Malindi wakae wasubiri.

Hii si mara ya kwanza wala ya kumi. Kuna msimu ilikuwa Waingereza wamekasirika. Kuna msimu ilikuwa Wataliano, sijui nani kakosana na nani kule Casuarina, ikasemekana pesa imezuiliwa Roma. Mie niko kwenye kazi hizi za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwalipa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza, miaka mingi, nilianza kwa kuandikisha watu nyumba kwa nyumba huko Marafa na Ngomeni, nikahamia upande wa malalamiko, sasa naitwa mshauri, ambacho ni cheo cha mtu asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi. Na swali ni lile lile. Basi naandika, ili mtu akiniuliza tena nimtumie linki nami ninywe kahawa yangu kwa raha.

Pesa ya wazee, ile elfu mbili kwa mwezi (inapoingia), inatoka kwenye bajeti ya serikali ya Kenya. Ushuru. Ile VAT unayokatwa ukinunua kipande cha sabuni, na bi mkubwa pia anakatwa akinunua yake. Si ya Trump, si ya gavana, si ya mbunge. Mbunge ana CDF yake, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, mwakilishi wa wanawake ana mfuko wake, gavana ana zahanati na chekechea zake, Inua Jamii iko kwa serikali kuu chini ya idara ya ulinzi wa jamii. Hilo tusilikalie, lishasemwa sana.

Sasa hiyo ya Marekani. Ni kweli tarehe 20 Januari 2025 Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje, na ni kweli kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lao la misaada, ilikuwa imefungwa. Na iliuma, asikudanganye mtu. Nawajua watu waliokuwa na kazi Ijumaa na Jumatatu hawana, wa kliniki za dawa za ukimwi hasa, maana huko ndiko pesa nyingi za Marekani zilikokuwa zikipita tangu PEPFAR, mpango wao wa ukimwi, ianze 2003. Lakini ile ilikuwa ruzuku, na nyingi ilipita kwa mashirika moja kwa moja, haikugusa Hazina Kuu wala simu ya bi mkubwa. Ni mfuko mwingine wa kanzu nyingine. Wa jirani kutoboka si kwamba wako umetoboka.

Lakini siwalaumu wanaoamini hivyo, maana tuliowafunza ni sisi. Mtu wa miaka 75 leo anakumbuka ukame wa 1984 na mahindi ya manjano kutoka Marekani, magunia yamechapwa maandishi hata asiyejua kusoma alijua ni ya nani. Halafu hii mipango yenyewe ilivyozaliwa wageni walikuwepo chumbani: ule wa mayatima ulianza kwa majaribio 2004, Garissa, Kwale na Nairobi, UNICEF wakiwa wameushika mkono. Ule wa njaa wa kaskazini, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ulianza na pesa za Waingereza. Na mie mwenyewe, nikiwa kijana kwenye mradi mmoja nisioutaja, nilichapisha bango la kuwaeleza wazee haki zao, nembo za wafadhili zikajaa chini na juu mpaka maneno yakabaki mstari mmoja na nusu. Bosi akasifu. Mzee mmoja akaliangalia akauliza, "Hizi bendera zote zimekuja kutuzika?"

Sasa tuje kwa hili linalonipandisha presha. Ukishamweleza mtu kuwa ni ushuru, mjuaji mmoja atakurukia, "Lakini Benki ya Dunia si ilitoa mamilioni ya dola?" Ilitoa, ndiyo. Dola milioni 250 mwaka 2013, na 250 nyingine 2018. Lakini jamani, MKOPO. Mkopo nafuu, wa miaka mingi, riba ya chini, wallahi afadhali huo kuliko mingine tunayoijua, lakini ni deni na atakayelilipa ni mjukuu wa bi mkubwa. Gazeti likiandika "Benki ya Dunia yatoa mabilioni kusaidia wazee" mie huwa nataka kulichana. Ukienda kukopa benki ukanunua bati, hakuna anayesema benki imekujengea nyumba kwa huruma.

Na huo mkopo wa 2013 ulikuwa na mtindo wake, unatolewa kulingana na matokeo. Nitaueleza kwa harusi. Unaoza binti. Jirani mwenye uwezo anakwambia, nitakukopesha, ila kwanza pika pilau uwalishe watu mia tatu kwa pesa yako mwenyewe, mie nitamtuma mtu ahesabu sahani, aangalie kama orodha ya wageni iko sawa, kama hakuna mtu kala mara mbili kwa jina la marehemu, halafu kila nikiridhika na jambo moja nakupa fungu. Ndivyo ilivyokuwa. Serikali iunganishe madaftari, ihakikishe wanaolipwa wako hai, iweke njia ya malalamiko, ikithibitishwa, Hazina Kuu inaandikiwa pesa. Kwa hiyo hakuna siku dola ilitoka Washington ikatua kwa bi mkubwa. Pilau ni yako, deni ni lako, ila siku ya walima anayekaa mbele na kushukuriwa kwa kipaza sauti ni jirani. Na mara nyingi sahani kahesabiwa na kijana wa hapa hapa, aliyekuwa mie, na mie sikushukuriwa.

Kuna vipande ambavyo kweli vina mkono wa nje, sitaki kudanganya. Kilifi, kaunti yetu hii, ilikuwa moja ya kaunti tano zilizowekwa kwenye ule mpango wa lishe wa nyongeza kwa wajawazito na watoto wadogo, na pale UNICEF na Waingereza walikuwemo. Lakini ndiyo hivyo, kipande. Mtu anaona nyongeza ya jirani mwenye mtoto mchanga anajumlisha kuwa zote ni za wazungu.

Na Italia! Malindi hii mtu akiona kibao chenye bendera ya Italia haulizi tena. Ngomeni pale kile kituo chao cha anga kipo tangu miaka ya 1960, basi kila tanki la maji mtu anadhani limeshuka na roketi. Oktoba 2006 Kenya na Italia zilitia sahihi mkataba wa kugeuza deni, yuro milioni 44 hivi kwa miaka kumi. Maana yake nini? Kenya ilikuwa inadaiwa na Italia. Italia ikasema, badala ya kunilipa mie Roma, ziwekeni huko kwenu, kwenye maji, afya, vyuo vya ufundi, mitaa ya mabanda. Ni ungwana, sikatai, kusamehe deni si mchezo. Lakini noti zilizochimba kile kisima zilitoka Hazina Kuu ya Kenya, zilikuwa zilipe deni zikalipa fundi. Kibao kikaandikwa Italia. Hapo nani katoa? Nimewahi kubishana jambo hili na rafiki yangu mpaka kahawa ikapoa na sikushinda, yeye anasema aliyesamehe ndiye aliyetoa, mie nasema aliyelipa ndiye aliyetoa. Bado naona niko sawa lakini usiku nikifikiri sana naanza kuyumba.

Ila Malindi tungekuwa wa mwisho kudanganyika na vibao. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, akapokewa, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi, na mpaka leo nguzo iliyosimama pale ufukweni ni yake yeye mgeni. Na kabla ya hapo, 1415, kutoka Malindi alipelekwa twiga mzima mzima kwa mfalme wa China. Twiga! Kwenye jahazi! Hiyo ndiyo diplomasia, na hakuna aliyemfunga twiga kitambaa cha "kwa hisani ya watu wa Malindi".

Wa Lamu nao wana lao, "bandari Mchina katupa" au "Mchina katukopesha". Vile vituo vitatu vya kwanza vya meli, cha kwanza kikafunguliwa Mei 2021, Mchina alikuwa kontrakta, pesa za ujenzi zilikuwa za serikali ya Kenya. Fundi akikujengea choo si kwamba kakununulia. Tuendelee.

Haya, mbona basi pesa inachelewa? Kwa sababu bajeti kwenye karatasi si pesa. Ushuru unaingia mfuko mkuu wa serikali, idara inaomba, Msimamizi wa Bajeti anaidhinisha, Hazina Kuu inaachilia kama ipo ya kuachilia, halafu ndiyo iende kwa wanaolipa. Na kwenye huo mfuko kuna foleni. Katiba yenyewe inaweka deni la taifa kuwa mzigo juu ya mfuko huo, na kwa kawaida ndilo linalotangulia kulipwa. Yaani mwenye hati ya Eurobondi ya 2014, ule mkopo Kenya iliochukua kwa wawekezaji wa nje ukaiva Juni 2024, amekaa zake London sijui New York, alikuwa mbele ya bi mkubwa. Alilipwa tarehe yake, hakukosa hata siku. Bi mkubwa analipwa kikibaki.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wazungu wanahusika na kuchelewa kwa pesa ya wazee, jibu la kweli ni ndiyo, ila kinyume na unavyofikiri. Si kwamba wameacha kuleta. Ni kwamba wako mbele yako kwenye foleni, wanachukua. Na hapa ndipo mie mwenyewe nababaika, maana pesa ikishaingia mfuko mmoja haina rangi. Mkopo ukija kwa jina la wazee unaipa Hazina nafasi ya kulipa kitu kingine, na mkopo wa kitu kingine ukikosekana wazee wanapunjwa. Nikisema "ni ushuru wako" nasema kweli, lakini siwezi kukuonyesha shilingi ipi ni ya sabuni yako na ipi ni ya Washington. Wenzangu kwenye semina hawapendi nikisema hivi.

Unaweza kusema, we nawe, bi mkubwa anataka pesa, chanzo kina umuhimu gani? Kina. Mtu akiamini ni sadaka hadai. Sadaka haidaiwi, unaambiwa shukuru na kidogo. Nimeona wazee wakikatwa mia mbili na kijana wa kuwasaidia kutoa, wakinyamaza, "si yetu hata hivyo". Nimeona mtu kaondolewa kwenye orodha kimakosa, yuko hai, anatembea, ananunua mbaazi, na haendi kulalamika kwa sababu anaogopa kuwakera wafadhili ambao hata hawapo. Zamani nilikuwa nawasomea kifungu cha 43 cha katiba, kwamba serikali itawapa msaada wa jamii wasioweza kujikimu. Nilikuwa nakisoma kwa sauti ya imamu. Sikuwa nawasomea kifungu cha 21, kinachosema haki hizo zitatimizwa polepole, hatua kwa hatua. Sasa hiyo polepole ni ya kasi gani? Elfu mbili ya mayatima iliwekwa mwaka wa fedha 2011/12 na ikakaa pale pale huku unga ukipanda kila mwaka. Kama hiyo ndiyo hatua kwa hatua, basi ni hatua za kobe aliyelala.

Basi yote haya nilimweleza bi mkubwa pale pale kwenye foleni, kwa ufupi kuliko hapa, na bila twiga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatia leso yake sawa, akauliza, "Kwa hivyo ni pesa yangu?"

"Yako, mama."

"Na nani kanishikia?"

Nikafungua mdomo nianze na mfuko mkuu wa serikali. Ajenti akatoa kichwa dirishani akasema floti imeisha, turudi saa kumi.