Metali nzito kwenye mifugo: maana yake na zinavyofika mezani

Metali nzito zinazotajwa sana kwenye usalama wa chakula ni risasi (madini ya "lead", si ya bunduki), kadimiamu ("cadmium") na zebaki. Haziozi wala haziishi nguvu. Zikishamwagika shambani hubaki pale miaka na miaka, na mnyama anayelishwa hapo huzikusanya mwilini kidogo kidogo huku ananenepa, anazaa na kukamuliwa kama kawaida.

Wengi hudhani sumu hupitia kwenye majani tu. Kumbe udongo wenyewe huliwa. Wakati wa kiangazi nyasi zikiwa fupi, ng'ombe huzing'oa na mizizi yake na vumbi lake, na udongo unaweza kuzidi sehemu moja ya kumi ya chakula kikavu anachomeza.

Kabwe, Zambia, ni mfano wa kusikitisha. Mgodi wa risasi na zinki wa mji huo ulifungwa mwaka 1994 baada ya kuchimbwa karibu karne nzima, lakini risasi imebaki ardhini. Watafiti walipopima ng'ombe na kuku wa maeneo hayo, walikuta risasi na kadimiamu zimejaa zaidi kwenye maini na figo kuliko kwenye mnofu, nyingine zikipita kiwango kinachoruhusiwa. Ini na figo ndivyo vinavyochuja damu, kwa hiyo ndivyo vinavyobaki na uchafu. Risasi hujificha pia kwenye mifupa, na huweza kutoka kupitia maziwa.

Kadimiamu haihitaji mgodi. Huja hata na mbolea ya fosfati, na huongezeka kwenye figo kadiri mnyama anavyozeeka. Ndiyo maana New Zealand hairuhusu watu kula figo za ng'ombe na kondoo waliozidi miezi 30.

Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinaruhusu risasi isiyozidi miligramu 0.1 kwa kilo ya nyama ya ng'ombe, na 0.02 kwa kilo ya maziwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Kuchemsha hakusaidii. Mkaguzi wa nyama naye hawezi kuiona kwa macho wala kwa kisu, mpaka maabara.

Sumu ya ghafla ya risasi ndiyo inayoonekana, hasa ng'ombe akilamba betri mbovu ya gari: husaga meno, huacha kuona, husukuma kichwa ukutani. Uingereza, wanyama waliopata sumu ya risasi huzuiwa kwenda machinjioni kwa angalau wiki 16. Kwetu, ng'ombe akianza kuyumba mara nyingi huwahiwa kisu kabla hajafa, kisha nyama ikagawanywa kwa majirani. Kama kuna betri kuukuu au jaa la vyuma karibu na malisho, nyama hiyo isiliwe, maini na figo ndiyo kabisa, na daktari wa mifugo aitwe apime damu ya waliobaki zizini.