Kitunguu saumu kimekomaa lini? Hesabu majani mabichi, si makavu

Wengi wanaopanda saumu nyuma ya nyumba hapa Goma walianza na vitunguu vyekundu, na makosa yao mengi yanatoka huko. Mimea hiyo ni ndugu, lakini haivunwi kwa dalili moja.

"Ngoja majani yote yakauke"

Kwa kitunguu chekundu, sawa: shingo inalegea, majani yanalala, unavuna. Kwa saumu utakuwa umechelewa. Kila jani la saumu linateremka mpaka chini na kukizunguka kichwa. Juu ya udongo ni jani, chini ya udongo ni ganda. Jani likikauka, ganda lake nalo huanza kuoza. Yakikauka yote, kichwa kinabaki uchi, punje zinaachana, udongo unaingia katikati, na ukungu utaanzia hapohapo hata ukitunza vizuri namna gani.

Kwa hiyo hesabu yaliyobaki mabichi. Mmea wenye majani 9 au 10 huwa tayari pale manne hivi ya chini yamekauka na matano au sita ya juu bado ni kijani. Yakibaki matatu tu, vuna leo, usingoje Jumamosi.

Kabla ya kuvuna kitalu kizima, fukua mmea mmoja na ukate kichwa katikati, kwa upana. Punje zikiwa zimejaza ganda na kila moja ina ngozi yake inayobanduka, anza kazi. Ngozi za ndani zikiwa bado nene na zenye maji, na mipaka ya punje haionekani vizuri, ongeza siku 7 hadi 10 kisha upime tena. Hicho ulichokata hakipotei, kinaingia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Majani yamekuwa manjano, basi kimekomaa"

Angalia manjano yameanzia wapi. Ukomavu unapanda kutoka chini: jani la kwanza linakauka lote, halafu la pili, na ya juu yanabaki mazima. Ncha za majani yote zikiungua kwa pamoja, sababu ni nyingine: maji yamezidi, mbolea imepungua, au mvua iliyopita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo. Wakulima wa upande wa Rusayo na Sake wanaijua mvua hiyo, maana upepo mara nyingi unasukuma moshi magharibi.

Mmea wa manjano unaong'oka kwa kuguswa tu, chini una utando mweupe kama pamba wenye vidoti vyeusi, ni mgonjwa. Uchome, usiutupe kwenye lundo la mboji. Udongo huo unaweza kubeba ugonjwa kwa zaidi ya miaka 10, kwa hiyo saumu na vitunguu vihamie mahali pengine.

"Miezi minne ikitimia, vuna"

Miezi 4 hadi 5 ni ya kukuambia uanze kuchungulia, basi. Kibumba ni juu zaidi na kuna baridi kuliko mjini, mmea unakwenda polepole. Chenye maana kwenye kalenda ni mvua: ukipanda mwanzoni mwa Machi, mavuno yanaangukia kiangazi cha Juni hadi Agosti, udongo ukiwa mkavu. Kama unamwagilia, acha wiki 2 kabla ya kuvuna.

"Kichwa hakijagawanyika, kiache kitagawanyika"

Hapa watu wanapoteza muda mwingi. Saumu hugawanyika kuwa punje kwa kusukumwa na baridi na siku zinazorefuka. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: mchana una urefu wa saa 12 hivi mwaka mzima, na Goma, kwenye mita 1,500 hivi, haina baridi kali. Majani yakishaanza kukauka na kichwa bado ni duara moja kama kitunguu kidogo, kukiacha udongoni hakutakibadilisha, kitaoza. Kivune, kinalika vizuri, au ukipande tena msimu ujao, kwa kawaida kinatoa kichwa kikubwa zaidi.

Dawa iko kabla ya kupanda. Chagua punje kubwa za nje, na mbegu ikae wiki 6 hivi sehemu ya chini ya frigo, ndani ya mfuko wa karatasi, isigande. Umeme ukikatika saa chache si neno.

"Shika majani, vuta"

Kwenye udongo wetu wa mawe ya lava, shingo inakatika na kichwa kinabaki chini. Chomeka uma wa bustani au jembe sentimita 10 kutoka kwenye mmea, inua udongo, ndipo utoe kwa mkono. Usigonge vichwa pamoja kuondoa udongo: punje iliyochubuka inaoza kwanza na kuambukiza jirani zake.

Kuosha, hapana. Kuanika juani, hapana pia. Jua la mchana linapika punje. Funga mashina 8 au 10, tundika kivulini penye upepo kwa wiki 3 hadi 4, majani yakiwa bado juu yake. Kisha kata shingo moja, ukiacha sentimita 2 au 3. Ukiona kijani au unyevu pale ulipokata, rudisha vyote kwenye kamba wiki nyingine.